Feni ya juu ya ghorofa inalia mchana kutwa lakini bafu langu halikauki. Nianzie wapi?

MamaTunu, Jumapili saa 2 usiku

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada wa mtu anayezijua ghorofa kwa ndani, maana mafundi watatu wameshafika kwangu, kila mmoja kaondoka na hela yake na tatizo limebaki palepale.

Nakaa Upanga, ghorofa ya tano kwenye jengo la ghorofa tisa. Kila ghorofa ina nyumba mbili, kwa hiyo tuko kaya 18. Mabafu yetu hayana dirisha. Yamepakana mgongo kwa mgongo, na katikati yake linapita bomba kubwa la bati, la mraba, kutoka chini mpaka juu ya paa. Huko juu kuna feni moja ya kufyonza hewa ya jengo zima. Kwangu kuna grili ya plastiki yenye ukubwa wa daftari la shule, ukutani karibu na dari. Hewa ya bafu haina njia nyingine ya kutokea.

Dari juu ya shawa imejaa ukungu mweusi, ule unaoanza vidoadoa halafu unaungana. Nimeshapiga rangi mara mbili. Mara ya pili fundi aliniambia nipige ya mafuta, akasema hiyo haishiki unyevu. Ilikaa safi miezi miwili, masika yakaingia, ikavimba malengelenge na ukungu ukatokea kwa chini. Taulo likilala humo, asubuhi linanuka. Binti yangu ana miaka saba na ana pumu, na masika haya nimeamka usiku mara nyingi kumshikia pampu yake. Daktari aliponiuliza kama nyumbani kuna ukungu nilishindwa hata kumtazama usoni, maana ninao na nauona kila siku.

Mwezi uliopita nikanunua feni ndogo ya ukutani, shilingi 45,000. Fundi umeme akaifunga mbele ya ile grili, ikawa inasukuma hewa ya bafuni kuingia kwenye bomba. Siku tatu nilifurahi kweli. Siku ya nne jirani wa ghorofa ya sita akagonga mlango, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, jana mlikaanga dagaa? Maana harufu yote iko chooni kwangu." Siku hiyohiyo nikaizima na kuing'oa.

Msimamizi wa jengo anasema feni ya juu ni nzima, hata mlinzi anaisikia. Ni kweli inalia mchana kutwa. Usiku wanaizima ili kuokoa umeme.

Je, ninunue yenye nguvu zaidi? Nitoboe njia nyingine mpaka nje? Au kuna kitu hatukioni?

FundiHewa_Ilala, Jumapili saa 4 usiku

Mama Tunu, pole sana, na pole kwa mtoto. Kazi ya AC na mifumo ya hewa nimeifanya miaka 22, nyingi humu humu mjini. Nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote: usinunue feni nyingine, na hiyo ya kwanza usiirudishe tena.

Hilo bomba ni njia moja ya kaya 18. Feni ya paani ikivuta vizuri, ndani ya bomba msukumo wa hewa unakuwa mdogo kuliko ndani ya nyumba zenu, kwa hiyo hewa inatoka bafuni kuingia bombani na hairudi. Ndiyo sababu kaya 18 zinaweza kutumia bomba moja bila kunusishana mboga. Ulipoweka feni ya kusukuma kutoka kwako, hapo ghorofa ya tano bomba likajaa. Hewa ikijaa inatafuta tundu la karibu, na tundu la karibu ni grili ya mama wa ghorofa ya sita. Ungefunga yenye nguvu mara mbili, dagaa wangefika ghorofa ya tisa.

Na rangi achana nayo kwa sasa. Ukungu unaishi kwa unyevu, na unyevu haujaondoka. Kupiga rangi juu yake ni kufunika kombe.

Hilo la kuzima usiku nalo ni kubwa kuliko wanavyodhani. Kwenye nchi za baridi bomba la namna hiyo linavuta lenyewe, kwa sababu hewa ya ndani ina joto na ya nje ni baridi, basi ya ndani inapanda. Hapa Dar nje nyuzi 30 na ndani nyuzi 30, hewa haina sababu ya kupanda. Feni ikizimwa bomba linakuwa kama kisima. Halafu wanazima saa ambazo watu wamerudi kutoka kazini wanaoga.

Sasa fanya haya kesho, ni bure. Chukua kipande cha karatasi ya chooni, tabaka moja tu, ukubwa wa kiganja. Feni ya juu ikiwa inafanya kazi, funga mlango wa bafu, kiweke kwenye grili, kiachie. Kama bomba linavuta, kitanasa. Rudia mlango ukiwa wazi. Rudia tena ukifungua na dirisha la chumbani. Niandikie tofauti ya hizo mara tatu, maana tofauti ndiyo inayosema ugonjwa uko wapi. Kisha itoe grili, mulika tochi ndani, uniambie unaona nini. Na angalia chini ya mlango wa bafu: kuna uwazi kiasi gani kati ya mlango na sakafu? Ukiweza, waombe majirani wa juu na wa chini nao waweke karatasi.

Mzee_Fleti, Jumatatu saa 1 asubuhi

Mimi nimekulia hapo hapo Upanga kwenye fleti za zamani. Ngazi zilijengwa kwa matofali ya matundu, bafu lina dirisha la vioo vya kulaza, upepo wa baharini unaingia huku unatokea kule. Mama yetu alikuwa anaanika taulo bafuni na linakauka. Siku hizi wanajenga bafu katikati ya jengo kama stoo, halafu wanamwachia kazi feni. Mwanangu, huwezi kufungua tundu kuelekea baraza?

FundiHewa_Ilala, Jumatatu saa 2 asubuhi

Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu, zile nyumba zilijengwa na watu waliolijua joto la hapa. Lakini bafu la Mama Tunu halina ukuta wa nje, kila upande ni chumba au bomba. Ikishajengwa hivyo, feni ni sehemu ya jengo kama ngazi zilivyo. Hakuna anayezima ngazi usiku.

MamaTunu, Jumanne saa 3 usiku

Fundi, nimefanya yote, na nimejifunza vitu ambavyo kwa miaka niliyokaa humu sikuvijua.

Mlango umefungwa: karatasi ilianguka moja kwa moja, kama nimeibandika kwenye ukuta mtupu. Mlango wazi: ilitikisika, ikakaa kama sekunde mbili, ikaanguka. Dirisha la chumbani likiwa wazi nalo: ilikaa, lakini ukiipulizia kidogo inadondoka.

Grili nilipoitoa, kwa nyuma kulikuwa na blanketi. Sijui niiteje vinginevyo. Vumbi la kijivu, laini kama sufi, unene wa kidole, limeshikana na nywele na uzi wa mataulo, na katikati kulikuwa na mjusi aliyekauka. Nililivua lote kwa kipande kimoja. Grili nimeilaza kwenye beseni la sabuni, maji yalitoka meusi mara tatu. Baada ya kuirudisha, ukiacha mlango wazi karatasi sasa inanasa vizuri zaidi, ila ukifunga mlango inaanguka vilevile.

Uwazi chini ya mlango hakuna. Nilipofunga AC chumbani nilibandika mpira mpana chini ya mlango wa bafu ili ubaridi usipotee.

Majirani: wa sita, kwake inaanguka. Wa nane hakufungua mlango. Na wa ghorofa ya kwanza, huyu ndiye aliyenitisha: kwake karatasi haikuanguka tu, ilirushwa kuelekea ndani ya bafu. Bomba linampulizia. Anasema jioni kwake kunanuka mafuta ya kukaangia, na yeye hapiki jioni.

FundiHewa_Ilala, Jumanne saa 4 usiku

Asante kwa kazi nzuri, wengi nikiwaambia waweke karatasi wanaona nawachezea.

Mpira utoe leo leo. Hewa haiwezi kutoka bafuni kama hakuna inayoingia kuchukua nafasi yake. Ni sawa na kunyonya maji kwenye chupa uliyoibana mdomo. Uwazi wa sentimita moja hadi mbili chini ya mlango unatosha. Ubaridi kidogo utapotea, ndiyo, na ndio bei ya dari kukauka.

Ghorofa ya kwanza kupuliziwa maana yake kuna mtu karibu yake amefunga feni ya jikoni kwenye bomba la mabafu. Hilo si suala la harufu tu. Mvuke wa kukaangia unabeba mafuta, mafuta yanaganda kwenye bati, na bomba linapita kila ghorofa. Moto ukishika humo una ngazi yake mwenyewe.

Juu sasa. Feni ya paani ina mkanda au mota imeungana moja kwa moja? Na je, kuna siku ambayo umeme wake ulifanyiwa matengenezo, halafu baada ya hapo mambo yakaharibika?

MamaTunu, Jumatano saa 6 mchana

Mlinzi kanipandisha. Ina mkanda. Na anakumbuka mwaka jana ililala wiki moja kwa sababu kontakta, ile swichi ya umeme inayoiwasha, iliungua, akaja fundi akabadilisha. Baada ya hapo inalia kuliko zamani, wakaona imepata nguvu.

FundiHewa_Ilala, Jumatano saa 6 mchana

Mama, usimruhusu mtu kuigusa. Nadhani najua. Jumamosi asubuhi nitapita mwenyewe, nauli yangu tu.

Shomari_Malmö, Jumatano saa 5 usiku

Nawasoma kutoka Sweden, ndugu zangu, na hii mada ni mkate wangu wa kila siku: napima hewa kwenye majengo ya makazi hapa Malmö.

Huku toka 1991 kuna ukaguzi wa lazima wa mfumo wa hewa, wanauita OVK. Jengo la fleti lenye feni ya kutoa hewa tu, kama la Mama Tunu, linakaguliwa kila baada ya miaka 6. Lenye mashine inayoingiza na kutoa, kila baada ya miaka 3. Cheti kinabandikwa mlangoni pa kuingilia ambapo kila mpangaji anakiona, na mwenye jengo asipofanya anadaiwa na manispaa. Kipimo tunachokitumia ni lita 0.35 za hewa kwa sekunde kwa kila mita ya mraba, yaani nyumba ya mita za mraba 70 inatakiwa kubadilishiwa lita 24 na nusu kila sekunde, mchana na usiku. Hatuzimi.

Mambo mawili ninayokutana nayo kila wiki, huenda na kwenu yapo. La kwanza, mtu anasafisha kifuniko cha tundu la hewa na kukizungusha, kumbe kile kina skrubu ya kupimia uwazi. Akirudisha amekaza mpaka mwisho, au amelegeza mpaka anawanyang'anya wenzake. Kabla ya kukiondoa, kipige picha na hesabu mizunguko. La pili, hiyo feni ya jikoni. Hapa nyumba nyingi za pamoja zinaikataza kabisa isiunganishwe na bomba la wote. Anayetaka anafunga ile ya kuchuja inayorudisha hewa jikoni, anabadilisha chujio lake mwenyewe.

FundiHewa_Ilala, Jumamosi saa 11 jioni

Nimerudi kutoka Upanga, naandika mikono ikiwa bado na grisi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima swichi ya feni na kuifunga kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwangu. Nawasihi wote mnaoshughulika na mashine za juu: kufuli, si kumwambia mlinzi "usiwashe". Miaka ya nyuma, kwenye jengo moja, mwenzangu alikuwa na mkono ndani ya kava akikaza mkanda, mtu chini akaona feni imezimwa akaiwasha. Vidole viwili vilikwenda. Tulikuwa tumeongozana asubuhi ile kwenye daladala moja.

Mkanda ulikuwa umelegea. Ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ulizama upana wa kiganja, badala ya unene wa kidole. Beringi moja kavu kabisa, ndiyo iliyokuwa inalia. Haya ni ya kawaida. Nikapaka grisi, nikabadilisha mkanda, nikafungua kufuli, nikawasha kwa sekunde moja na kuzima, ili nione gurudumu linavyoanza kuzunguka.

Likaanza kuzunguka kinyume.

Kwenye kava la feni kuna mshale uliochorwa, umefifia, lazima uufute vumbi ndipo uuone. Mshale unaelekea kushoto, gurudumu linakwenda kulia. Aliyebadilisha kontakta alirudisha nyaya za fezi tatu, yaani zile tatu zinazoleta umeme kwenye mota, bila kuzingatia mpangilio, na ukibadilishana fezi mbili mota inazunguka upande wa pili. Sasa, feni ya mapanga matatu kama ya mezani ikizunguka kinyume unaijua papo hapo, inapuliza nyuma. Lakini hii ya paani ina gurudumu mfano wa pipa la mashine ya kufulia. Hii hata ikizunguka kinyume bado inatoa hewa upande uleule, ila kidogo sana, na kelele nyingi. Mlinzi akiweka mkono anasikia upepo. Msimamizi akisikiliza anasikia mlio. Kila mtu anasema ni nzima. Mwaka mzima kaya 18 zimelipia umeme wa feni inayokwenda kinyumenyume.

Nilibadilishana nyaya mbili. Kazi ya dakika kumi. Nilipowasha, mlio ukashuka ukawa mzito, na bati la bomba likatoa sauti kama limeshtuka. Mama Tunu akapiga simu kutoka bafuni anasema karatasi imevutwa mpaka imeingia kwenye matundu ya grili.

Lakini ghorofa ya pili kushuka chini bado ni dhaifu, na nimeona sababu. Nilishusha tochi kwa kamba ndani ya bomba. Ghorofa ya nane kuna tundu la kuingiza kichwa, lililokatwa wakati wa ukarabati ili kupanua bafu, likafunikwa na dari ya jasi bila kuzibwa. Feni inakunywa pale, karibu na mdomo wake, kabla haijafika chini. Na ghorofa ya pili kuna bomba laini la bati la kukunja limeingizwa kutoka jikoni. Kuta za bomba hapo zina mafuta ya rangi ya kahawa, nilipitisha kidole yakabaki yamening'inia. Bomba linatakiwa lipigwe brashi yenye uzito kwa kamba kutoka juu, na kabla ya hapo kila nyumba ifunge grili yake kwa nailoni, la sivyo masizi yote yatawaingia ndani. Haya mawili siwezi kuyafanya bila wenye nyumba kukubali.

BintiNyali, Jumamosi saa 2 usiku

Hilo la mtu kukata bomba la wote na kulifanya lake limenigusa, kwetu Mombasa tulikuwa na kesi kama hiyo. Huku kuna sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, na kwenu Tanzania ipo ya mwaka 2008. Zote zinatenganisha nyumba yako na mali ya pamoja, na mali ya pamoja inatunzwa na umoja wa wamiliki kwa michango yao. Bomba linalohudumia ghorofa zote haliwi la mtu kwa sababu limepita nyuma ya ukuta wake. Pelekeni kwa maandishi mkiwa na picha za fundi, lakini mwanzo nendeni kwake kama majirani. Sisi yule bwana alikuwa hajui kabisa, mkandarasi wake alimwambia ni bomba la zamani lisilotumika.

MamaTunu, wiki iliyofuata, Ijumaa saa 3 usiku

Wakuu, nimerudi na habari nzuri na swali jingine.

Dari imekauka. Kioo cha bafuni zamani kilikuwa kinabaki na ukungu wa mvuke mpaka nimalize kuvaa, sasa kinasafika nikiwa bado napiga mswaki. Mama wa ghorofa ya sita kaniletea bakuli la bajia.

Lakini toka Jumatano kuna harufu ya maji machafu kwenye bafu la wageni, haikuwepo kabla. Bafu lile tunalitumia nadra. Je, feni imekuwa kali kupita kiasi?

AfyaMazingira_Moro, Ijumaa saa 4 usiku

Dada, mimi ni afisa afya, hili naomba ulishughulikie usiku huu, ni rahisi.

Kwenye sakafu ya bafu kuna tundu la kutoa maji, na chini yake bomba limepinda ili maji kidogo yabaki pale muda wote. Yale maji ndiyo mlango kati yako na bomba la uchafu la jengo zima. Bafu lisipotumika wiki kadhaa maji yanakauka, mlango unabaki wazi. Zamani hukunusa kwa sababu feni haikuwa na nguvu ya kuvuta. Sasa inavuta, na inachukua hewa popote penye urahisi, pamoja na humo. Mimina ndoo ya maji kwenye kila tundu la sakafu, na uwe na siku moja ya wiki ya kufanya hivyo. Ukisafiri muda mrefu, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kula juu ya maji, yanachelewesha kukauka.

Nakwambia kwa uzito kwa sababu ya Amoy Gardens, majengo ya makazi ya Hong Kong. Machi 2003 ugonjwa wa mapafu wa SARS ulienea pale ghorofa kwa ghorofa, na kufikia katikati ya Aprili wagonjwa walikuwa 321. Wachunguzi waliona matundu ya sakafu yamekauka, na feni za mabafuni zikawa zinavuta matone kutoka bomba la uchafu kuyaingiza ndani. Feni haikuwa na kosa, ilikosa tu njia safi ya kuvutia hewa. Kwa hiyo maji kwenye matundu na uwazi chini ya milango viende pamoja.

Ukungu uliobaki usiukwangue mkavu, vumbi lake linaruka na mtoto ana pumu. Mpeleke kwa bibi yake kutwa nzima, vaa barakoa, lowesha, futa kwa maji ya sabuni kisha dawa ya kung'arishia nguo iliyochanganywa na maji. Usiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu. Sehemu ya jasi iliyolainika haifutiki, ikatwe. Na kama kuna nyumba hapo inapika kwa mkaa ndani au kwenye baraza lililofungwa vioo, waambieni mapema: feni ikivuta na madirisha yamefungwa, moshi wa mkaa unaweza kuvutwa ndani ya vyumba, na ule unaoua hauna harufu.

FundiHewa_Ilala, Ijumaa saa 4 usiku

Afisa amemaliza. Mimi naongeza hesabu ya umeme, maana najua msimamizi ataileta. Mota yenu ni ya kilowati 0.75. Ikiwaka saa 24 ni uniti 18 kwa siku. Kwa bei ya kama shilingi 350 kwa uniti ni shilingi 6,300, mkigawana kaya 18 ni shilingi 350 kila kaya kwa siku. Mama Tunu umetumia kiasi gani kwa rangi?

MamaTunu, Jumamosi saa 12 asubuhi

Rangi na mafundi wake, shilingi 310,000. Hapo sijahesabu ile feni ndogo.

Nimemimina maji jana usiku, harufu ilikwisha kabla sijalala. Hesabu ya shilingi 350 nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito nikaibandika kwenye lifti, pamoja na picha ya mshale wa feni na ya blanketi la vumbi. Watu wanasimama kuisoma. Mlinzi ameshakubali kutoizima usiku mpaka kikao kiamue.

Ghorofa ya pili kasema atalitoa bomba la jikoni mwenyewe, alifungiwa hivyo na mwenye nyumba wa zamani. Ghorofa ya nane nilimkuta jana kwenye maegesho, nikamwonyesha picha ya tundu. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama mtoto anaendeleaje. Kikao ni kesho saa 10 jioni, kasema atakuja na fundi wake wa jasi. Fundi wa Ilala, ukipata nafasi, njoo na ile tochi na kamba.

FundiHewa_Ilala, Jumamosi saa 1 asubuhi

Nitakuwepo. Na brashi nitakuja nayo. Waambie wanunue nailoni na utepe wa gundi wa karatasi kabla, kila nyumba izibe grili yake.